Gari used ya mwanafunzi wa chuo hapa Tabora: namna ya kuchagua isiyo kimeo, hatua kwa hatua

Vyuo vikikaribia kufungua tu maswali yanaanza. Mtoto yuko Chuo cha Ardhi, au AMUCTA, au Utumishi, amepanga mbali, bodaboda asubuhi na jioni zinakula hela, mzazi ana milioni zake kadhaa kaziweka, sasa anunue gari gani? Na jibu la mtaani ni moja tu, chukua IST, imeisha hiyo. Mi sina ugomvi na IST, ni gari nzuri sana, ila kuna IST zinazunguka mji huu ukiuziwa utamjua fundi kuliko unavyomjua lekchara wako.

Mimi naanzia sehemu nyingine. Hiyo gari isipowaka Jumatatu asubuhi, spea yake ipo hapa hapa mjini na kuna mafundi zaidi ya mmoja wanaoijua? Kama jibu ni mpaka uagize Dar, ipakiwe kwenye basi, usubiri mpaka kesho yake, afu fundi akiishika aseme siyo yenyewe, hiyo siyo gari ya mwanafunzi hata ing'ae vipi. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Hatua ya 1: hesabu ya hela, na usinunue kwa hela yote

Tuseme mna milioni 8. Gari ya kutafuta ni ya milioni 6 na nusu hivi, sio ya 8. Najua inauma kwa sababu ya 8 inapendeza zaidi kwenye picha, ila subiri uone hela inakokwenda. Kubadilisha umiliki TRA kuna ada ya uhamisho 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, kwa hiyo kwenye milioni 6 na nusu hiyo ni 65,000 nyingine. Viwango hivi huwa vinaguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo pita TRA uulize kabla hujapanga. Bima ndogo ya gari binafsi ni 118,000 pamoja na VAT. Wakili wa mkataba naye anataka chake. Afu sevisi ya kwanza, ambayo usiikwepe, na mara nyingi tairi mbili au nne na betri. Ukijumlisha milioni inayeyuka kabla gari haijafika chuoni.

Kitu kimoja cha kukutuliza, ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo dalali asikupigie hesabu ya "road license ya mwaka huu".

Mafuta sasa. Mwanafunzi anayezunguka kilometa 20 kwa siku na injini ya 1.3 inayokwenda kama kilometa 12 kwa lita anakunywa lita 1.7 hivi, kwa siku 22 za vipindi ni kama lita 37. EWURA wanatoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, angalia ya Tabora sio ya Dar, ya kwetu huwa juu kwa sababu ya usafirishaji. Zidisha hapo. Kama hiyo namba inatisha ni bora mjue sasa hivi, maana gari isiyo na wese haimpeleki mtu chuo.

Hatua ya 2: modeli

Hapa sitazunguka. Kwa Tabora, Toyota ndogo zenye injini za kawaida. IST ya kwanza, ile NCP60 yenye cc 1298 au NCP61 yenye cc 1496, gia boksi yake ni ile otomatiki ya kawaida ya gia nne na injini ni za timing cheni, sio mkanda. Vitz ya zamani SCP10 yenye cc 997 inakunywa kidogo sana ila ukipakia watu wanne na mabegi ukapandisha mlima utaisikia inalalamika. Passo KGC10 nayo ni cc 996, silinda tatu, na kwa sababu ni tatu inatetemeka kidogo ikiwa imesimama, hiyo ni tabia yake usidhani ni ugonjwa. Raum mpya na Spacio mpya ya cc 1500 zina injini ya 1NZ ile ile ya IST ya cc 1496, nafasi kubwa, na mara nyingi bei inakuwa chini ya IST kwa sababu vijana hawazitaki, wanasema ni gari za wazee. Waache waseme, wewe nunua.

Kuna wale wa Carina TI na Corolla 110. Ni gari ngumu, spea kila kona, mafundi wetu wanazifungua macho yamefumba. Shida ni umri, bodi imeshachoka, wailingi imeguswa na kila mtu, na injini ya 5A ina mkanda wa timing ambao unatakiwa kubadilishwa kila kilometa laki moja hivi. Uliza ulibadilishwa lini, kama hakuna anayejua, bei ya mkanda mpya iingie kwenye mazungumzo.

Za kuepuka kwa mwanafunzi: chochote kilichoandikwa D4. Premio na Allion za cc 2000 nyingi zina hiyo injini, Brevis pia. Mfumo wake unapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, kwa hiyo pampu na injekta zake ni ghali na hazitaki mafuta machafu, na kaboni inajaa. Premio ya cc 1500 haina hilo tatizo, ni gari nzuri tu kama hela ipo. Gari za CVT, zile otomatiki zisizo na gia za hatua, nazo uzifikirie mara mbili, ikiwemo IST ya pili NCP110, sio kwamba ni mbovu, ila CVT inataka oili yake maalum na kuna mafundi wanamwagia ATF ya kawaida, yaani oili ya gia boksi za otomatiki nyingine, kwa sababu ndo iliyopo dukani, hapo gia boksi inaanza kufa taratibu na wewe ndo unauziwa ikiwa katikati ya kufa. Subaru, BMW, Mark X, hizo subiri kazi kwanza.

Hatua ya 3: pa kuitafuta

Yadi zipo, madalali wapo, magrupu ya WhatsApp yamejaa. Ila sehemu ninayoipenda kuliko zote ni watumishi wanaohama. Mwalimu, nesi, afisa wa halmashauri amepata uhamisho wa kwenda mbali, hataki kuendesha gari ndogo njia yote hiyo, anataka kuuza wiki hii. Gari kama hiyo unajua ilikuwa inalala wapi, nani alikuwa fundi wake, ilikuwa inakwenda kazini na kurudi. Mji wetu ni mdogo, gari zinajulikana. Ukimuuliza fundi wa gereji tatu tofauti kuhusu Vitz fulani ya bluu, mmoja atakwambia "ile? iliungua gasketi mwaka jana". Hiyo taarifa ni bure na hutaipata kwenye yadi ya Dar.

Tangazo nalo lisome kwa akili. "AC inahitaji gesi tu", kama ni gesi tu mbona hajajaza mwenyewe, mara nyingi kuna sehemu inavuja au kompresa imekufa. "Injini haijawahi kufunguliwa" hiyo ni sentensi tu, haina ushahidi. "Bei ya haraka, shida binafsi" sawa pole, ila kadi iko wapi? Na usidanganywe na herufi za namba. Gari namba D au namba E inakwambia ilisajiliwa Tanzania lini, basi, inaweza kuwa ilitoka Japani ikiwa na miaka kumi na zaidi tayari. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi.

Na usitume advansi ya "kushikilia gari" kwa simu kwa mtu uliyemuona Instagram. Kama gari ina wateja wengi hivyo aiuze tu.

Hatua ya 4: kuikagua yenyewe, na hapa usiwe na haraka

Nenda asubuhi, mchana kweupe, sio jioni na sio mvua inanyesha, maana gari iliyolowa inaficha rangi iliyopigwa upya. Mwambie muuzaji kabla asiiwashe. Ukifika salimia vizuri, kama ni mtu mzima shikamoo yake mpe, afu kabla ya stori nyingi weka kiganja juu ya bonneti. Ikiwa ya moto, imeshawashwa ili ipate moto. Injini mbovu zinajificha zikiwa za moto, zikiwa baridi ndo zinasema ukweli, kwa hiyo kama ni ya moto mwambie tu kwa upole utarudi kesho.

Fungua mfuniko wa kujazia oili uugeuze uangalie chini yake. Unatakiwa kuona oili, ya kahawia au nyeusi sawa tu. Ukiona uteute mzito wa rangi ya maziwa kama chai ya rangi iliyodondokewa maziwa, maji na oili vinakutana humo ndani, na hapo mazungumzo yameisha, gasketi ya silinda hedi au zaidi. Afu vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Kiwango chini sana maana yake inakula oili au mwenye gari hajali, na vyote viwili havikufai. Fungua mfuniko wa rejeta (injini ikiwa baridi tu jamani, ya moto itakuunguza uso), unataka kuona kulanti ya kijani au nyekundu, ukiona maji ya kutu kama tope la kifuku ujue imekuwa ikinyweshwa maji ya bomba miaka yote na njia za ndani zimeanza kuziba. Gari za hivyo ni nyingi hapa, na mwezi wa tisa na wa kumi joto linapopanda ndo zinachemsha.

Waombe wawashe wewe ukiwa umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, ukitokea kidogo asubuhi afu ukakata inaweza kuwa sili za valvu, ukiendelea ni ringi. Moshi mweusi ni petroli nyingi, hiyo huwa inatibika. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida lakini ukizidi kutoka gari ikiwa imeshapata moto, rudi kwenye habari ya gasketi. Sikiliza sailensa, yaani mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama, isipande na kushuka yenyewe.

Dashibodi sasa. Weka ufunguo ON kabla ya kuwasha, taa ya check engine na ya airbag lazima ziwake zote afu zizime. Wengi wanaangalia kama imezima, hawaangalii kama iliwaka kabisa. Kama haikuwaka kuna mtu kaitoa au kaiziba, na mtu hazibi taa ya gari isiyo na tatizo. Kilometa msiziamini sana, zinarudishwa, angalia badala yake pedali ya breki imelika kiasi gani, stelingi imeng'aa, kiti cha dereva kimebonyea. Gari ya kilometa elfu 80 haiwezi kuwa na pedali iliyoisha mpira.

Bodi: chuchumaa kwenye kona ya nyuma utazame ubavu mzima kwa mshazari, puti inaonekana kwa mawimbi. Bisha kwa kidole, bati linalia tofauti na puti. Angalia bolti zinazoshika madga na bonneti, zikiwa na alama za spana rangi imebanduka ujue zilishafunguliwa. Ajali ndogo sio mwisho wa dunia, bampa linabadilishwa, ila ukikuta wamechomelea kwenye zile nguzo za chasisi mbele ya injini achana nayo, gari ikivuta upande mmoja baada ya hapo hakuna wili alaimenti itakayoiponya.

Gari zinazotoka Dar kuna ukaguzi wa ziada ambao watu wetu hawaukumbuki, mafuriko. Nyanyua kapeti, nusa. Sogeza kiti ucheki reli zake kama zina kutu, ingiza mkono chini ya tairi la akiba utafute tope lililokauka. Gari iliyozama wailingi yake itakusumbua kidogo kidogo kwa miaka.

Na zilizozunguka huku kwetu ucheki vumbi. Fungua eya klina, ikiwa imeziba mchanga mtupu, au mbaya zaidi haipo kabisa, injini imekuwa ikivuta mchanga. Lala chini uangalie sampo gadi kama ipo na kama sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, haijabonyezwa na visiki. Gari iliyopiga mchomoko, yaani kubeba abiria, njia ya Urambo na Kaliua utaijua kwa milango inayoning'inia na springi za nyuma zimelala.

Tairi zina namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye mauwa mazuri lakini ya miaka nane ni ya kubadilisha, hiyo ni hela, iandike.

Hatua ya 5: iendeshe, sio kuzunguka uwanja

Muuzaji atataka mzunguke mtaa mmoja. Kataa kistaarabu. Toka na barabara ya lami ya kwenda Nzega, fika spidi 80, achia stelingi kidogo uone kama inavuta, funga breki uone kama inatetemeka. Kisha ingia mitaa ya mchanga, Isevya au Ng'ambo huko, pita matuta taratibu vioo vikiwa chini na redio imezimwa. Kugongagonga mbele ni stablaiza linki au boljointi, hizo ni bei ndogo. Kata stelingi mpaka mwisho uzunguke polepole, ikitoa ka-ka-ka ni CV jointi. Mngurumo unaopanda kadri spidi inavyopanda ni bearing ya tairi. Vyote hivi vinatengenezeka, ni vya kupunguzia bei tu.

Gia boksi ndo ya kuogopa. Ukiwa umesimama umekanyaga breki, toa N weka D, afu R. Inatakiwa kushika ndani ya sekunde moja bila kugonga kwa nguvu. Ikichelewa, ikipiga "dung!", au injini ikilia juu wakati gari haiongezi mwendo, hiyo gia boksi inaaga. Ukirudi, iache inaunguruma dakika 20 AC ikiwa imewashwa, mshale wa joto usipande na usikie feni inaingia na kutoka.

Hatua ya 6: fundi wako mwenyewe

Sio fundi wa dalali, sio fundi "aliyekuwa anapita". Tafuta wa kwako, mpe hela yake iliyokamilika kabla ya kwenda, na mwambie wazi utamlipa hiyo hiyo mnunue msinunue. Kwa nini nasisitiza, kwa sababu kuna cha juu, dalali anamtupia fundi kitu kidogo gari ikiuzika, na fundi ambaye hajalipwa ni rahisi kuona kila kitu kiko poa. Mwambie aje na mashine ya kupimia akasome kodi, zile namba za hitilafu, zilizojificha kwenye kompyuta ya gari. Na kama kodi zote zimefutwa asubuhi hiyo hiyo, mashine nyingi zinaonyesha, muuzaji aeleze.

Hatua ya 7: makaratasi

Omba kadi halisi, sio fotokopi, sio picha ya WhatsApp. "Kadi iko Dar kwa ndugu yangu" mara nyingi tafsiri yake ni kwamba kadi iko kwa mtu wa mikopo, na siku akishindwa kulipa wanaokuja kuchukua gari wanakuja kwako. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari lenyewe, modeli nyingine iko kwenye ukuta nyuma ya injini, nyingine chini ya kiti cha mbele, herufi kwa herufi, na namba ya injini, na rangi.

Jina la kwenye kadi ndo muhimu. Watu wengi hawabadilishi umiliki, wananunua wanaendesha wanauza, kwa hiyo unakuta kadi ina jina la mtu wa tatu huko nyuma. Huyo mwenye jina ndiye TRA wanamtambua, bila yeye uhamisho hauendi, kwa hiyo apatikane kabla hela haijatoka. Kama amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mjane au mtoto mkubwa peke yake bila barua ya mahakama hapana.

Ingia mtandaoni ucheki faini za trafiki kwa namba ya gari, kila kosa ni 30,000 na zinajikusanya kimya kimya, deni la maegesho la TARURA hasa kama gari ilikuwa Dar au Mwanza, na uhai wa bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Madeni yote alipe muuzaji, ama yakatwe kwenye bei.

Mkataba uandikwe kwa wakili, picha na namba za NIDA za pande zote, mashahidi, na tarehe pamoja na saa ya makabidhiano, maana makosa ya kabla ya hapo ni yake. Hela ipite benki. Mnunuzi lazima awe na TIN, mwanafunzi anaweza kuchukua ile isiyo ya biashara. Kama mzazi anataka gari iwe kwa jina lake ni sawa pia, ila anayeendesha awe na leseni yenye daraja la gari hilo, bila hivyo bima inatafuta sababu ya kukukimbia.

Hatua ya 8: bei

Ile orodha uliyoandika, tairi, betri, CV jointi, breki pedi, pita nayo maduka ya spea mjini uulize bei kwanza. Afu rudi kwa muuzaji: "Mzee wangu, gari nimeipenda, ila hivi vitu vinne ni laki sita na nusu, nimeulizia." Unatoa karatasi, unanyamaza. Mtu anabishana na "punguza kidogo", ni vigumu kubishana na bei za dukani.

Wiki ya kwanza

Mwaga oili ya injini na filta yake hata kama umeambiwa imemwagwa juzi. Eya klina mpya, plagi zikaguliwe, rejeta isafishwe iwekwe kulanti. Oili ya gia boksi kama ni nyekundu na safi badilisha kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa IST ya kwanza ni T-IV, kama ni nyeusi na inanuka kuungua muulize fundi wa gia boksi kwanza kabla ya kugusa. Ndani ya gari kuwe na jeki, wili spana, spea tairi yenye upepo, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu. Mfundishe mwanafunzi kucheki oili na maji kila Jumapili asubuhi injini ikiwa baridi, na kwamba mshale wa joto ukipanda anapaki pembeni na kuzima hapo hapo, hata kama mtihani unaanza saa mbili kamili na gari limejaa wanafunzi wenzake.